Mkwe Katika Chumba cha Uangalizi

"Siingii."

"Mama, utaingia."

"Nimesema siingii. Na usinisukume, huu mkono una sindano."

"Sijakusukuma. Nimeshika mlango tu."

"Basi uachilie ufungike, tuendelee kuongea vizuri."

Sista Chepchumba hakuuachilia. Alikuwa msichana mwembamba, lakini alikuwa ameuzuia mlango wa chumba cha uangalizi kwa kiatu, kiuno na kiwiko, na hakuna hata kimoja kilichoonyesha dalili ya kuchoka. Mbele yake, katika ujia wa kliniki ya utafiti mjini Kitale, Edinah Nasambu wa Matulo alisimama ameupa mlango mgongo, macho ameyakaza ukutani palipobandikwa karatasi ya kufundisha watu kunawa mikono. Alikuwa ameshaisoma mara nne. Kufikia hapo alijua kunawa kuliko daktari wa upasuaji.

"Umechanjwa saa tatu na dakika kumi," Chepchumba akasema. "Sasa ni saa tatu na robo. Kila aliyechanjwa anakaa chumba hiki masaa mawili, nikimwona kwa macho. Uliweka sahihi."

"Niliweka sahihi kuchanjwa. Kukaa na mkwe wangu akiwa na vesti, hapana. Lete hiyo fomu unionyeshe ni ukurasa gani."

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nane, na Edinah alikuwa amezisoma zote, akauliza maswali ishirini na mawili, na akasahihisha kwa kalamu jina la Webuye lililokuwa limekosewa.

Kutoka ndani ikatoka sauti nene ya kiume iliyojikunja kwa adabu. "Sista, tafadhali, mwambie mama nimemsalimia."

"Mwambie nimesikia," Edinah akauambia ukuta. "Na mwambie avae shati."

"Shati limelowa, sista. Mwambie nilishtuka nikalimwagia soda."

"Ameruka kama amekanyaga siafu!" ikadakia sauti ya tatu, yenye furaha tele. "Mama, ungeona! Ametafuta dirisha, dirisha iko na chuma. Harafu amejificha nyuma ya mizani. Mizani yenyewe ni nyembamba, bana, si tunamwona pande zote mbiri."

Huyo wa tatu alikuwa Mukhisa, fundi wa mawe kutoka Bungoma, aliyechanjwa wa kwanza asubuhi hiyo na ambaye tangu hapo hakuwa na kazi nyingine ila kufurahia.

Ili mtu aelewe jinsi mwanamke mwenye akili timamu alivyokwama mlangoni akibishana na karatasi ya kunawa mikono, ni lazima aelewe siri ilivyotunzwa. Kliniki ile ilikuwa inajaribu chanjo mpya ya homa ya Bonde la Ufa, ule ugonjwa wa virusi ambao mbu huwaambukiza ng'ombe na mbuzi, na binadamu akaupata kwa mbu huyohuyo au kwa damu ya mnyama anayemchinja. Chanjo ilikuwa imeshapimwa kwa wanyama. Sasa ilikuwa zamu ya watu, na hatua ya kwanza haikuwa kutazama kama inazuia ugonjwa, bali kutazama kama mwili wa mtu mzima mwenye afya unaivumilia. Wangeanza na watu watatu. Wakishinda salama, wangefuata kumi, kisha thelathini. Na kila mmoja aliambiwa kwamba jina lake halitatajwa kwa mtu yeyote. Yeye ni namba.

Edinah, namba tatu, aliitunza siri hiyo kwa bidii. Nyumbani alisema anaenda Kitale kununua mbegu ya mahindi. Kipyegon, namba mbili, mume wa binti yake Vivian na mnunuzi wa ng'ombe katika mji mdogo wa Kwanza, aliitunza vilevile. Yeye alimwambia Vivian anaenda Suam kuangalia mitamba. Siri mbili zilizotunzwa vizuri namna hiyo zilikuwa hazina budi kugongana siku moja, na ziligongana mlangoni, saa tatu na dakika kumi na mbili.

Sasa, kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake hawafanyiani mchezo. Hawashikani mikono. Hawaketi benchi moja, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi vijana wengi wamelegeza. Kipyegon hakulegeza kitu. Alikuwa Mkalenjin, na ingawa hata kwao mama mkwe ana heshima zake, alipooa kwa Wabukusu alizisoma mila za wakweze kama mtu anayesomea mtihani wa taifa. Edinah akifika Kwanza kumtembelea Vivian, mkwe huyo aliruka ua akapotelea kwenye mahindi. Siku moja mahindi yalikuwa yamevunwa, akalala chini kwenye mabua nusu saa nzima. Kwa miaka mitatu Edinah alikuwa anaujua mgongo wake tu. Uso wake alikuwa ameuona kwenye picha ya harusi.

Na leo alikuwa ameuona uso wenyewe, pamoja na vesti yenye tundu usawa wa kitovu.

"Nitakaa hapa kwa ujia," akasema. "Niletee kiti. Unione kutoka mlangoni."

"Mama, ukianguka? Mtungi wa oksijeni uko ndani. Dawa za dharura ziko ndani. Chumba ni kimoja, mtungi ni mmoja, na mimi ni mmoja."

"Kwa hivyo unangoja nianguke."

"Ndiyo kazi yangu leo, mama. Kungoja muanguke."

Jibu hilo lilikuwa la kweli mno, na Edinah alikuwa na udhaifu kwa watu wanaosema kweli. Akapumua. "Basi weka kitu katikati."

Chepchumba akaangaza huku na huku. Pazia la kliniki lilikuwa kwa dobi. Shuka zilikuwa fupi. Lakini kila mshiriki alikuwa amepewa chandarua kipya ili asiumwe na mbu wakati wa utafiti, na cha Kipyegon kilikuwa hapo benchini ndani ya mfuko wake. Sista akakitundika kwenye kamba kutoka kwa msumari wa saa hadi kwenye dirisha, chumba kikagawanyika mara mbili, na Edinah akaingia kinyumenyume kama trekta linalotafuta trela.

Akaketi. Akageuka. Akaona.

"Sista, hiki kitu kinaonyesha."

"Ni chandarua, mama. Kina matundu."

"Namwona mpaka masikio."

"Mwambie mama nimefumba macho," Kipyegon akasema kutoka upande wa pili.

"Amefumba kweri," Mukhisa akathibitisha. "Lakini jasho linamtoka kama amebeba gunia ya mahindi. Niaje, ndugu yangu, uko sawa? Vuta pumzi."

Kwenye ndoano ya mlango ulining'inia mfuko wa Edinah wa kufumwa, na ndani yake kuku jike alitoa kichwa na kutazama chandarua kwa jicho moja. Edinah hakuzoea kuingia kwa mtu mikono mitupu. Alikuwa amemletea Daktari Mathenge kuku huyo asubuhi, na daktari, mtu wa Nyeri, mpole, mwenye miwani na woga wa kamati, akarudi nyuma hatua mbili na kusema kwamba mtafiti hapokei zawadi kutoka kwa mshiriki, kwa sababu inaweza kuonekana vibaya. Edinah alimwambia kuku hana nia mbaya. Haikusaidia. Kuku akabaki mfukoni.

Saa tatu na dakika arobaini Chepchumba akapita na kibanio cha kidoleni cha kupima mapigo ya moyo. Mukhisa, mapigo sabini na nne. Akaandika. Akapita upande wa pili wa chandarua. Kipyegon, mia na ishirini na sita. Akasimamisha kalamu. Akarudi kwa Edinah: mia na kumi na nane.

"Mama, unasikia baridi?"

"Nasikia aibu."

"Hakuna mahali pa kuandika aibu."

Akatoka mbio, soli za raba zikilia ujiani, akarudi na Daktari Mathenge. Daktari akapima mwenyewe. Akapima tena kwa kidole kingine, kana kwamba moyo wa Edinah ungekuwa na maoni tofauti upande wa kushoto. Akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akaisoma kimyakimya midomo ikicheza, na rangi ikamtoka.

"Washiriki wawili kati ya watatu," akasema polepole. "Dalili zilezile. Mapigo yamepita mia na kumi na tano, jasho, mikono inatetemeka, ndani ya nusu saa." Akavua miwani. "Sheria inasema nipime tena baada ya dakika kumi na tano. Yasiposhuka, nasimamisha kila kitu na kuwapigia kamati ya usalama."

"Kusimamisha nini?" Edinah akauliza.

"Utafiti, mama. Hao kumi wanaofuata hawatachanjwa. Kamati itachunguza. Inaweza kuchukua miezi minane, mwaka. Wafadhili wakichoka kungoja, wanaondoka."

"Daktari, si chanjo. Ni mkwe."

"Umesema nini?"

"Huyo hapo nyuma ya wavu ni mkwe wangu. Ameoa binti yangu. Mimi na yeye haturuhusiwi kuonana hivi. Moyo wangu ukikimbia, unamkimbia yeye. Yeye naye, moyo wake unanikimbia mimi. Chanjo haina habari."

Daktari Mathenge akatazama chandarua. Akatazama vesti upande wa pili, na macho yaliyofumbwa juu yake. Haikuonekana kama hamwamini. Ilionekana kama anamwamini na haimsaidii.

"Mama, fomu yangu ina visanduku vitatu," akasema. "Inatokana na chanjo. Huenda inatokana na chanjo. Haitokani na chanjo. Nikiweka alama kwenye hicho cha tatu, wataniuliza ushahidi. Siwezi kuandika 'mkwe'. Wanaosoma hii fomu wengine wako ng'ambo. Huko mama mkwe wanamkumbatia."

"Mungu wangu," Kipyegon akasema kwa sauti ndogo.

"Ushahidi gani unataka?" Edinah akauliza.

"Kitu kinachosababisha kiondoke, na mapigo yashuke. Basi. Lakini siwezi kumtoa mmoja wenu chumbani." Akatazama saa. "Dakika kumi na tatu."

Akaenda kusimama karibu na simu.

Edinah akaweka mikono mapajani akaitazama. Ilikuwa inatetemeka kweli, na hilo lilimkera, kwa sababu mikono hiyo ilikuwa imezalisha ng'ombe usiku wa mvua bila kutetemeka.

Kaka yake Zachary alikuwa na bucha pale Matulo. Miaka miwili nyuma, mwaka mvua ilipokataa kukoma na mbu wakajaa mpaka ndani ya ndoo za maziwa, ng'ombe wa jirani alianguka na jirani akamwita Zachary amchinje kabla hajafa, nyama isipotee. Siku ya nne Zachary alianza homa. Siku ya tisa alianza kutoka damu kwenye fizi. Walimzika wiki iliyofuata, na kabla udongo haujakauka watu walikuwa wameshasema amerogwa na mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara, mtu maskini ambaye mpaka leo hauzi hata ini. Edinah alikuwa amesoma tangazo la utafiti huu kwenye ukuta wa ofisi ya mifugo Webuye, na hakungoja kufika mwisho wa sentensi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mwisho wa umri ulikuwa hamsini. Alihesabu hilo kuwa ni Mungu.

Na sasa daktari alikuwa amesimama karibu na simu kwa sababu ya vesti.

"Sista," akasema, "muulize huyo mtu alikuja kufanya nini hapa."

"Anasikia, mama. Muulize mwenyewe."

"Wewe muulize."

Chepchumba akageukia chandarua. "Unaulizwa ulikuja kufanya nini."

"Mwambie mama ni kwa ajili ya Mjomba Zachary."

Edinah akaivuta sweta yake karibu na shingo.

"Mwambie mimi nashika ng'ombe kila siku," Kipyegon akaendelea. " Nanunua, nabeba, nyingine zinazaa mikononi mwangu. Nilipobeba lile jeneza nilikuwa najiuliza ni lini litakuwa langu, na Vivian ataambiwa nani ameniroga. Mwambie hivyo. Mwambie pia naomba msamaha kwa vesti."

Edinah alikumbuka jeneza. Kulikuwa na tope na wabebaji waliteleza mara mbili, na yeye, akitembea nyuma, alikuwa amekazia macho mgongo mmoja mbele upande wa kushoto, mgongo mpana uliozama kwenye tope mpaka magotini na haukuachilia. Hakujua ni wa nani mpaka mwenye mgongo alipoona anatazamwa, akaliweka jeneza taratibu mahali pake, akakimbilia shambani.

"Daktari," akaita. "Zimebaki ngapi?"

"Dakika sita."

Edinah akasimama.

"Sikilizeni wote, sitarudia. Haya mambo yana njia yake. Mkwe analeta blanketi, mama mkwe anampa kuku, watu wanashuhudia, wanashikana mkono, na kuanzia hapo wanaweza kuketi pamoja kama Wakristo. Kwetu wazee huchukua siku nzima na pombe juu yake. Tuna dakika sita. Mkwe wangu!"

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu kumwita. Nyuma ya chandarua kitu kikaanguka; ilikuwa ile mizani.

"Naam, mama," Kipyegon akajibu, moja kwa moja, bila sista.

"Fungua hicho chandarua chako."

"Mama, nitakuwa wazi!"

"Uko wazi tangu saa tatu. Fungua!"

Chandarua kikashuka. Kipyegon akabaki amesimama katikati ya chumba, kijana mrefu mwenye kifua cha fahali na macho ya ndama, akikikunja kile chandarua kwa haraka mpaka kikawa donge, kisha akakikunjua akakikunja tena vizuri, pembe juu ya pembe, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba blanketi la mama mkwe halitupwi, linakunjwa.

"Hii si blanketi," Mukhisa akasema, kwa ajili ya haki.

"Inafunika mtu akilala?" Edinah akamuuliza.

"Inafunika."

"Basi. Wewe na sista ni mashahidi. Daktari, lete huyo kuku."

Daktari Mathenge akageuka kutoka kwa simu. "Mama, kuku haruhusiwi kwenye chumba cha..."

"Ukurasa gani?"

Kurasa kumi na nane zilipita usoni mwa daktari moja baada ya nyingine, na kwa hakika hakuna hata moja iliyokuwa na kuku. Akautoa mfuko kwenye ndoano, akaunyoosha mkono wake mpaka mwisho ili kuku asimguse, akauleta.

Kipyegon akapiga goti na kutoa chandarua kwa mikono miwili, uso ameuinamisha. Edinah akakipokea, akakitandaza mabegani juu ya sweta, kikamwagikia mpaka miguuni. Akamtoa kuku mfukoni kwa mabawa, kuku akapiga kelele ya kuitwa ushahidi bila taarifa, manyoya mawili yakaelea yakatua juu ya mtungi wa oksijeni.

"Huyu anataga," akasema. "Usimchinje. Na akianza kuumwa, ndiyo kabisa usimchinje. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mashahidi mmeona?"

"Tumeona kweri kweri," Mukhisa akasema, na sauti yake haikuwa tena na mzaha.

"Nimeona," Chepchumba akasema. "Zimebaki dakika mbili."

Edinah akanyoosha mkono. Ulikuwa ule wa kulia, usio na sindano, na ulikuwa bado unatetemeka. Akautazama ukitetemeka, akauacha hapo ulipo. Kipyegon akampokea kuku akambana kwapani, akafuta kiganja kwenye suruali, mara moja, mara mbili, akainua uso. Alikuwa na macho ya kahawia na kovu dogo juu ya nyusi ambalo kwenye picha ya harusi halikuonekana.

"Uliumia wapi hapo?" Edinah akauliza.

"Ng'ombe, mama. Wa Suam."

"Utanieleza."

Akaushika mkono wake, akautikisa mara tatu kwa nguvu kama mtu anayefunga mkataba wa maziwa, na bila kuuachilia akamvuta mpaka kwenye benchi, akaketi, akamketisha kando yake, kuku katikati. Kisha akamnyooshea Chepchumba kidole cha mkono wa pili.

"Haya, sista," akasema. "Pima. Anza na yeye."